Tundu Ukutani kwa Mama

Enoka Wanzagi alikuwa fundi wa mashine za baridi mjini Musoma, mwajiriwa wa serikali, na katika miaka ile ya Ujamaa kazi yake ilikuwa na kichekesho ambacho hakuthubutu kukicheka mbele za watu. Kutwa nzima alizunguka ofisi za wakubwa na begi lake la spana, akihakikisha kwamba wanaotuhubiria jasho wao wenyewe hawatoki jasho. Viyoyozi vya dirishani vilikuwa kumi na kimoja mji mzima, na kila kimoja alikijua kwa mlio wake.

Adui yake hakuwa kutu. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, kisha upepo ukawamwaga mjini kwa mamilioni. Mashine ikiwavuta, wanaganda kwenye mapezi ya bati nyuma yake mpaka hewa haipiti. Mkubwa anapiga simu: mashine imekufa. Enoka anafika, anaichomoa kwenye kasha lake, anaifunika mota kwa nailoni, anasugua mapezi kwa brashi na maji ya sabuni, anayanyoosha yaliyolala, na mashine inanguruma tena. "Haikufa, mzee," husema. "Ilikosa pumzi tu."

Ndiyo maana mama yake alipoanza kukosa pumzi, Enoka alidhani hilo nalo ni jambo la ufundi.

Mama huyo, Wegesa, alikuwa amekaa miaka hamsini kwenye mji wake, yaani boma lake, karibu na Nyamuswa, na ng'ombe wake na mtama wake, mpaka Operesheni ya kuhamia vijijini ilipomfikia mwaka wa sabini na nne. Watu walipewa siku tatu. Siku ya nne mgambo walikuja na magogo marefu wakasukuma kuta, na ukuta wa Wegesa waliusukuma yeye akiwa bado ndani anasonga ugali. Hakupiga kelele. Alitoka na mwiko mkononi, akapanda lori pamoja na wenzake, akapelekwa kwenye nyumba za mstari kando ya barabara, na hakulitaja tena jambo hilo. Mwaka haukuisha miguu ikaanza kuvimba. Enoka akamfuata kwa basi kupitia Bunda, akamleta Nyakato, pembeni mwa mji wa Musoma, kwenye nyumba ya matofali na bati aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili.

Daktari alisema moyo umechoka. Vidonge vingesaidia kidogo, ila joto lingemmaliza upesi. "Mama huyu anahitaji mahali penye ubaridi," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anataja kitu kisichopatikana.

Februari ile Musoma iliwaka. Adhuhuri bati lilikuwa linalia juu ya vichwa vyao, na Wegesa alikaa kitandani ameegemea mito, hawezi kulala chali, anahema kama mtu aliyepandisha mlima na debe la maji kichwani. Enoka alishika saa yake akahesabu: pumzi thelathini na nne kwa dakika. Hakuna aliyemwambia ahesabu. Kupima ilikuwa tabia yake, na alipokuwa na hofu alipima zaidi.

Sasa, stoo ya ofisi kulikuwa na kiyoyozi kilichofutwa kwenye orodha, kimeungua mota ya feni, kimekaa miezi minane kinatagiwa mayai na mijusi. Enoka alikiomba kwa barua, akapewa. Jioni tatu mfululizo yeye na mwenzake wa kazini, Mseti, walikaa barazani wanakitengeneza. Walisuka upya waya za mota, wakaitia mafuta, wakabadilisha kapasita, wakaosha mapezi mpaka yakang'aa. Gesi ilikuwa nzima. Walipokiwasha taa ya sebuleni ilififia kidogo, kompresa ikashika, na baada ya dakika tano bomba lilikuwa na umande. Dorkas, mke wa Enoka, aliweka mkono mbele ya upepo ule akacheka.

"Mume wangu, leo na sisi tumekuwa wakubwa!"

"Wakubwa wenyewe waliitupa," alisema Mseti. "Sisi ni wakubwa wa jalalani."

Kikabaki kujua pa kukiweka. Madirisha ya nyumba ile yalikuwa ya mbao, membamba, hata mtoto asingepita. Lazima ukuta utobolewe. Chumba cha mama kilikuwa na kuta nne: mmoja ulitazama sebule, na huwezi kumwaga joto la mashine sebuleni, wa pili ulikuwa wa mlango wa stoo, wa tatu ulipigwa na jua la mchana kutwa, na mashine inayochomwa mgongo haipoi. Ukabaki ule wa upande wa kitanda. Nje yake palikuwa na kivuli cha mwarobaini. Fundi yeyote angechagua huo.

Alingoja Jumanne, siku ambayo Dorkas alimpeleka mama hospitali kuchukua vidonge. Alitaka kumshangaza. Alitaka arudi na jasho lake lote, afungue mlango, akute ubaridi unamngoja kama mgeni aliyetoka mbali. Jamani, alimshangaza kweli.

Alipima inchi ishirini na sita kwa kumi na saba, akachora kwa chaki. Hakugonga ovyo. Alichokonoa udongo kwa patasi, akatoa tofali moja moja, akaweka mbao juu kubeba ukuta. Kizingiti cha chini alikiinamisha kidogo kuelekea nje, akakihakikisha kwa pimamaji, ili maji ya mashine yadondokee uani, yasije yakamlowesha mama. Alifikiria mpaka tone la maji. Mseti alikuwa uani anapanga matofali, anapiga mluzi.

Hospitali siku hiyo foleni ilikuwa fupi. Wegesa aliingia chumbani saa tano, amemwegemea Dorkas, mashine ikiwa bado sebuleni. Alisimama mlangoni. Aliutazama mwanga ulioangukia kitanda chake, akalitazama tundu, kisha akamtazama mtoto wake wa kwanza amesimama kando ya tundu hilo, nyundo mkononi.

Ndipo Enoka alipokumbuka.

Katika ukoo wao, mama mwenye mji akifa hatolewi mlangoni. Ukuta wa upande wa kitanda chake hutobolewa, na anayeutoboa ni mtoto wake wa kwanza. Anapitishwa hapo, na kabla jua halijazama tundu linazibwa na mkono ule ule, ili kifo kisiizoee nyumba. Enoka aliyajua haya tangu hajaanza kuchunga. Alimwona baba yake akimfanyia bibi. Lakini miaka kumi na mitano ya kutoboa kuta za serikali ilikuwa imemzoesha kuona ukuta ni kitu cha kupima tu. Fundi kutoka mkoa mwingine angetoboa pale pale na lisiwe kosa la mtu.

"Mama, siyo hivyo," alisema haraka haraka. "Ni ya mashine. Ya kukupa ubaridi. Daktari alisema."

Wegesa alivuta pumzi, akavuta nyingine. "Nilikuwaga najua ni wewe utafanya," alisema. "Sikujua kama utaniwahi."

"Mimi nikuchoke, mama?"

"Sijasema umenichoka. Umechoka kusikia nahema. Hata mimi nimechoka kujisikia."

Dorkas, ambaye kwao hawana jambo hilo, aliwatazama wote wawili bila kuelewa. Mseti, aliyeelewa, aliacha mluzi.

Enoka alidhani ubaridi wenyewe ungemtetea. Alifunga mashine mchana ule ule, akaziba nafasi za pembeni kwa vipande vya godoro, akawasha. Akambembeleza mama akae kitandani saa moja tu, kwa ajili yake. Wegesa akakaa. Na ikafanya kazi! Bega lililokuwa linapanda na kushuka likatulia, midomo ikarudi rangi, na Enoka akahesabu kwa saa yake: ishirini na mbili. Machozi yalimtoka kwa furaha. Tangu utoto hakuwahi kumpa mama yake kitu kikubwa hivyo.

Saa ilipotimia, Wegesa alisema asante, akachukua mkeka wake, akaenda zake jikoni, kibanda cha uani, akalala kando ya mafiga.

Siku tatu alikaa huko, kwenye moshi, anakohoa. Mchungaji alikuja akaomba kwa sauti kubwa dhidi ya mila za giza. Wegesa aliitikia amina kila ilipohitajika, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi jikoni. Dorkas alilia. Enoka akasema atatoa mashine aiweke ukuta mwingine, joto liende popote linakotaka.

"Usitoboe tena ukuta wowote nikiwa humu," alisema Wegesa. "Ziba hilo kwanza."

Siku ya nne Enoka alipiga magoti mbele yake, palepale kwenye majivu.

"Mama, nikiziba joto litakuua. Nimeona kwa macho yangu. Kule ndani unapumua."

Wegesa alimshika kichwa kama alivyokuwa akimshika akimtafuta chawa. Alichukua muda mrefu kupata pumzi ya kusema yote.

"Ukuta wa kule nyumbani walibomoa mgambo," alisema. "Sikuwajua hata jina. Nilitoka, nikanyamaza. Huu umebomoa wewe, mwanangu. Najua ulitaka mema. Lakini nikilala pale natazama lile shimo, na mkono ninaouona ni wako. Joto likiniua ni joto tu. Joto sikulizaa mimi."

Enoka aliinuka, akapangusa majivu magotini. Alitoka, akamwita Mseti, wakachomoa mashine wakaiweka sebuleni na kuifunika shuka. Akakanda udongo na mavi ya ng'ombe, akaanza kurudisha matofali yale yale.

Nisiseme uongo, ile ndiyo siku waliyofurahi kuliko zote tangu mama afike mjini. Wegesa aliomba kigoda, akakaa kwenye kivuli cha mwarobaini, akamsimamia.

"Hilo limepinda."

"Halijapinda, mama, nimepima."

"Umepimaga na lile pia, ukakosea. Limepinda."

Enoka akalitoa, akalirudisha. Dorkas alileta uji. Wegesa alisimulia habari za Enoka alipokuwa mdogo, alivyojenga zizi la mawe la panzi na panzi wote wakaruka, na Mseti akacheka mpaka akaketi chini. Alipomaliza kupiga lipu na kupaka chokaa, Wegesa aliingia ndani, akapitisha kiganja ukutani kutoka juu mpaka chini. Kisha akapanda kitandani mwake, akageukia ukuta ule, akalala kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

Joto lilirudi kumdai kesho yake. Pumzi thelathini na sita. Thelathini na nane. Enoka aliomba likizo. Akalowesha kanga akazitundika dirishani, akamwaga maji sakafuni, akampepea kwa ungo mpaka mabega yake yakawaka moto, Dorkas akampokea, kisha yeye akampokea Dorkas tena. Wegesa hakulalamika hata mara moja. Alikula kidogo, alicheka kidogo, na kila akipata usingizi mkono wake ulikuwa umegusa ukuta.

Siku ya tisa tangu atoboe ukuta, saa saba mchana, midomo yake ilikuwa ya bluu. Enoka aliweka ungo chini. Aliiona mashine sebuleni chini ya shuka yake, nzima, imeoshwa, imetiwa mafuta. Dakika ishirini zingetosha. Alichukua nyundo akasimama mbele ya ukuta, na alikuwa amekwisha kuinua mkono.

"Enoka."

Mama alikuwa amefumbua macho. Hakuwa na pumzi ya maneno mengine. Alipapasa kitanda, pale kando yake.

Enoka akaiacha nyundo. Akakaa pale alipoambiwa, akachukua ungo, akapepea. Aliendelea kupepea muda mrefu baada ya kifua kuacha kupanda, mpaka Dorkas alipomshika mkono.

Ndugu walifika kwa lori kesho yake saa tisa mchana, tayari kumpeleka Nyamuswa kuzikwa. Mjomba mkubwa wa Enoka, Ryoba, aliingia chumbani akavua kofia, akautazama ukuta mweupe wa upande wa kitanda, akamtazama Enoka. Wengine wakatoka wakamwachia nafasi.

Lipu ilikuwa bado mbichi ndani. Udongo ulikuwa haujashika, matofali yakatoka kwa mkono, nyundo hakuihitaji. Enoka akayapanga moja moja chini ya mwarobaini, akilia kwa sauti bila kumwonea haya mtu, maana kabla ya jua kuzama alitakiwa kuyarudisha.