Alichosema Kipchirchir

Kogo Janeffer alikuja kanisani Sigowet akiwa amenuna, na mtu asimlaumu. Babake alikuwa mchuma chai, akafa yeye akiwa mdogo hata hawezi kumkumbuka. Waliobaki wakamlea kwa masimango: babako alikukana, hakutaka hata kukuona. Sasa, miaka yote hii, ati atoke nyumbani akatazame sura ya mtu kama huyo!

"Twende tu, kogo," Nelvine, mjukuu wake, alikuwa amembembeleza. Nelvine ni fundi wa nguo kule Chepilat. Homa ilimziba masikio akiwa darasa la pili, lakini ukiongea akikuangalia usoni, hakuna neno litakalompita.

Aluoch, afisa wa hifadhi ya filamu kutoka Nairobi, alikuwa ametundika shuka ukutani. Filamu hizo zilipigwa na wakoloni, zikafungiwa ng'ambo, na sasa zimerudi kutafuta wenyewe. Mzee Isaiah, mkongwe wa hapo kijijini, alishamtambua mtu mmoja humo: Kipchirchir, babake Janeffer.

Taa zikazimwa. Haiya! Shamba zima la chai likajaa ukutani, na watu waliokufa zamani wakawa wanatembea, wanajikuna, wanacheka. Kogo alisahau kununa. Hakujua kama aogope au ashukuru. Mzungu asiyeonekana alikuwa akisifu chai kwa Kiingereza, maneno hayamwishi, na Kipchirchir akachuchumaa kando ya kikapu, akafungua mikono, akasema kitu. Mara picha ikarukia kiwandani.

"Amesema nini?" Kogo akauliza. Nani angejua? Yule Mzungu hakumwachia nafasi hata ya neno moja.

Nelvine akasimama. "Rudisha!"

Aluoch akarudisha. Nelvine akaikazia macho ile midomo, akaomba irudishwe tena, kisha akamgeukia nyanyake.

"Kogo, Cheptoo ni nani?"

Hilo lilikuwa jina la nyumbani la Kogo, kabla ya ubatizo. Waliomwita hivyo walishazikwa wote, na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa nini unauliza?"

"Huyu mtu anamwita. Anasema, 'Cheptoo, njoo kwa baba.'"

Aluoch akasimamisha picha pale pale, mikono ikiwa wazi.

"Nakuja," Kogo akajibu kwa Kipsigis, akaanza kwenda mbele, na watu wakavuta viti wampishe.