Sauti Ndani ya Gari la Danieri

Saa nne asubuhi Sowedi alikuwa amekaa kiti cha mbele cha gari jeupe hapo Kasese, mlango wazi, mguu mmoja nje, bisibisi ndogo mkononi, akipanga krosova, kile kifaa kinachogawia spika sauti. Kazi yenyewe ni ya kugawa. Besi iende kwa sabufa huko nyuma kwenye buti, sauti za watu ziende kwa spika za milango, na vile vitu vyembamba, kengele na miluzi, viende kwa twita karibu na kioo. Usipogawa vizuri kila spika inaimba wimbo wa mwenzake, na gari zima linapiga kelele kama soko la mpakani.

Gari lilikuwa la Danieri, kontrakta wa Bwera, mtu wa mashati yaliyonyooshwa. Alikuwa ameliacha akaenda kunywa chai, baada ya kusema neno moja tu.

"Fundi, mule ndani iko sauti ya mwanamuke. Unikatie."

Mafundi wanne walikuwa wameshajaribu. Sowedi aliziona alama za bisibisi zao kwenye amplifaya. Alizima redio, akaanza kugeuza kitufe polepole, sikio mlangoni. Alipofika namba mia mbili, spika ya kushoto ikasema:

"Baba Salmah, samaki walifika?"

Sowedi akapunguza kidogo, akarudisha. Sauti ikakaa sawa, bila mkwaruzo.

"Hawakufika," Sowedi akasema.

Shadiah, mdogo wa marehemu mke wake, alikuwa akikaanga chapati ng'ambo ya barabara. Alimwona shemeji yake akizungumza na mlango, akavuka akijifuta unga. Akainama, akasikiliza.

"Ni Hanifah," akasema. "Na mafua yake yale yale." Kisha akarudi mbio, maana chapati ilikuwa inaungua.

Hanifah alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Siku hiyo alienda Kahendero kununua samaki wakavu, akarudi kwa boda mpaka Kikorongo, akasimama kando ya barabara kungoja gari la Kasese. Watu wakamkuta hapo chini, amekufa. Polisi kituoni wakaandika kwamba alikanyagwa na kiboko. Watu wakakubali, kwa sababu upande ule viboko hutoka majini jioni kula majani, na wameshaua watu kweli. Samaki waliomwagika kwenye lami, wapita njia waliwaokota. Miaka miwili Sowedi aliwachukia viboko kwa moyo wote. Akivuka daraja la Katunguru aligeuza uso asiwaone.

"Nini kilikuua?" akauliza.

"Gari hili," Hanifah akasema. "Mutu akashuka, akaangalia taa yake iliyovunjika, akapanda tena."

Sowedi akatoka akazunguka mbele. Taa ya kulia ilikuwa mpya kuliko mwenzake. Akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akarudi kuketi.

Danieri alipotoka hotelini, kijiti mdomoni, alimkuta hajafanya kitu.

"Umemusikia?"

"Nimemsikia. Ni mke wangu."

Danieri akatoa kijiti. "Ah. Muke yako? Pole sana, muzee. Mimi kila siku naulizwa habari ya samaki, na mimi samaki sikuli."

"Anasema ulimgonga."

"Ananiambiaka hata mimi. Lakini faili inasema kiboko. Sasa mimi niseme nini?"

"Twende kituoni."

"Twende," Danieri akasema, akamfungulia mlango.

Kituoni afande alitoka na daftari, akaingiza kichwa dirishani, akasikiliza mpaka mwisho. Hanifah alieleza vizuri, hata rangi ya shati alitaja. Afande aliitikia kwa kichwa, akamwita mama, akampa pole.

"Lakini faili ilishafungwa," akamwambia Sowedi. "Na hii fomu ya shahidi inataka saini. Ataweka na mukono gani?" Akafunga daftari. Halafu akamuuliza Danieri kama barabara ya Bwera ina mashimo bado.

Wakarudi. Njiani Hanifah aliuliza kama mtoto wao Salmah anapelekwa shule.

"Muzee," Danieri akasema waliposimama, "leo wakwe wanakuja nyumbani kwa ajili ya binti yangu. Nataka gari iko safi. Ukishindwa, kuna fundi Bwera anasema yeye atachoma ile amplifaya yote."

Hapo Sowedi alishika bisibisi. Jambo ambalo wale wanne hawakulijua ni kwamba krosova haiui sauti. Inaifukuza tu. Walimkata milangoni akaenda kwa twita, wakamkata kwa twita akaenda kwa sabufa, akawa anauliza samaki kwa sauti nzito ya mwanamume. Lazima apewe mahali pa kwenda. Sowedi akachukua spika moja kuukuu iliyokuwa na kiraka cha gundi, akaivutia waya kupitia dirishani. Akafunga kote, chini ya mia mbili na juu ya mia mbili, akaacha mlango mmoja mwembamba unaotokea kwenye kile kiraka.

"Pita huku," akasema.

Ilichukua muda. Hanifah hakupenda kusukumwa hata alipokuwa hai. Kiraka kilipotetemeka, Sowedi akakata waya.

Danieri akawasha muziki. Akafumba macho, akatabasamu. Besi ilikuwa ya kifua kabisa, na juu yake hakukuwa na mtu. Akampa mkono, akaondoka kwenda Bwera.

Tangu siku hiyo wateja wa Sowedi wameongezeka, maana Danieri humsifu kila anakofika. Faili bado inasema kiboko. Ile spika imekaa nyumbani kwa Sowedi, juu ya kabati ya vyombo, na Salmah huisomea masomo yake. Kila Jumatano gari jeupe hupita barabarani, na vikombe kabatini hugongana kwa besi yake.

"Ni lile gari," Hanifah husema.

"Ni lile," Sowedi humjibu. "Nililipanga mimi."

Vikombe vikitulia, Hanifah huuliza kama samaki walifika. Mwanzoni Sowedi alikuwa akimwambia ukweli. Siku hizi husema walifika, yeye na Salmah waliwala kwa ugali, na kwamba chumvi ilizidi kidogo.