Wa Kumi wa Mabamba

Masika ya 2014 mvua ilinyesha Mabamba, kijiji cha mpakani na Burundi, mpaka vyura wakapanda migombani kutafuta pakavu. Ghati, bibi maendeleo kutoka Tarime, wala hakuisikia. Alikuwa analitazama bango lake jipya na kulipenda.

Kwenye semina Kasulu aliambiwa serikali haina haja ya kufoka: mweleze mtu wenzake wanafanya nini, atafuata mwenyewe. Na kwa kuwa wanaume walikuwa wanategea kuwabeba wajawazito kwa machela hadi zahanati, akaandika: WANAUME TISA KATI YA KUMI WA KIJIJI HIKI HUBEBA MACHELA.

Alasiri mwanakijiji mmoja, Longinus, akaingia ofisini mbio, kalowa chapachapa.

"Bibi maendeleo, mke wangu Vestina kashikwa na uchungu, na wabebaji siwaoni!"

Wakatimka hadi kilabuni. Wanaume wamejaa tele, wameuzunguka mtungi.

"Jamani, bango hamkulisoma?"

"Tumelisoma, mama," akajibu Bazilio, macho makavu. "Tisa wanabeba. Mimi ndiye yule wa kumi."

"Wa kumi ni mimi!" akaruka Leonidasi. "Wewe tangu lini?"

Kumbe kilabu kizima kilikuwa cha kumi.

Ghati nusura acheke, akamkumbuka Vestina. Akavua viatu. "Haya, mti wa mbele wa machela nabeba mimi."

"Mgeni abebe, sisi tunywe?" Bazilio akainuka. "Tutasemwa hadi Burundi!" Leonidasi akamfuata.

Wakampakia Vestina kwenye machela, lakini mtoni wakakwama. Gogo la kuvukia lilikuwa limesombwa na maji.

"Ghati!" Vestina akafoka kutoka kwenye machela. "Kalilete bango lako tulivukie!"

Bazilio ndiye aliyepiga yowe; kilabu kizima kikaja, kikajipanga majini bega kwa bega, machela ikapita juu ya vichwa. Mtoto wa kike akazaliwa zahanati, mikononi mwa nesi.

Kesho yake Ghati alikuwa Kibondo, mbele ya bosi wake.

"Watu wanabeba. Sasa nataka daraja."

"Daraja ni gharama, Ghati. Huwezi kuwashawishi kidogo tu?"

"Watu nitawashawishi, mzee. Mto nitaushawishije?"

Bosi akakuna kichwa. Wakikusanya mawe, akasema, saruji ataitafuta.

Mvua zilipokatika, saruji ikaja kweli. Kilabu kikahamia mtoni, kila mtu na jiwe lake kichwani. Vestina akasimama ukingoni, mtoto mgongoni, akisimamia kama mkandarasi.

"Pana zaidi! Gari la wagonjwa litapita wapi?"

"Gari lenyewe tunalo, dada?" akauliza Bazilio, anahema.

"Wewe panua. Likija likute njia."

Bazilio akaguna, akarudi kufuata jiwe jingine.