Binamu kutoka Surin

Gari la uhamiaji halikubisha hodi. Liliingia kijiji cha Ban Nong Takrai saa nne asubuhi, vijana wako mashambani na wazee wako vibarazani, likaegeshwa mbele ya nyumba ya Wanphen kana kwamba ndilo lililowalipa mafundi walioijenga. Na huo ndio mtindo wao. Ukishapeleka maombi ya mume wako mgeni akubaliwe kuishi nchini, wanakuja siku waitakayo wenyewe kuhakikisha kwamba kweli mnalala chini ya paa moja. Hawasemi leo, hawasemi kesho. Kazi yako wewe ni kutandika kitanda kila asubuhi na kumwomba mume asizurure.

Mume hakuzurura. Aliyetoka ni Wanphen mwenyewe, kwenda sokoni kununua papai bichi na pilipili za kibanda chake cha kachumbari ya papai ya kutwanga. Aliporudi na pikipiki yake yenye kitoroli ubavuni akaliona gari lile, na moyo ukamlipuka. Jamani! Siku zote anashinda nyumbani kama kuku anayeatamia, na leo tu kageuza kisogo!

Uwanjani walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa Kapteni Narongrit, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linaweza kusimama peke yake. Mwingine alikuwa Sajini Orathai, mwanamke kijana mwenye kamera shingoni.

“Wewe ndiye Wanphen?” aliuliza Kapteni.

“Ndimi, afande. Karibuni ndani, mbona mmesimama juani? Nawaletea maji.”

“Maji baadaye. Mume wako hayupo.”

“Yupo! Nimemwacha hapa anaanika nguo.”

“Dada,” alisema Kapteni, kwa sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa, “tumemuuliza jirani yako. Anasema hapa hakuna mgeni na hajawahi kuwapo. Kuna binamu yako tu kutoka mkoa wa Surin, huwa anakuja kukusaidia kutwanga papai, na jana amerudi kwao.”

Wanphen akaduwaa. Binamu? Surin? Hana hata paka huko Surin!

Akageuka kutazama nyumba ya pili. Bibi Buaphan alikuwa kibarazani kwake, anatafuna tambuu, macho ameyaelekeza juu kama anayesubiri mvua, na mbingu yenyewe nyeupe pe, haina hata wingu la kusingizia.

“Bibi! Rodel yuko wapi?”

“Rodel gani?” alisema Bibi Buaphan. “Mimi simjui mtu wa jina hilo.”

Hapo ndipo ghala la mpunga la Bibi Buaphan lilipopiga chafya.

Likapiga ya pili. Sajini Orathai akauma midomo asicheke. Mlango wa ghala ukafunguka, akatoka mwanamume mfupi mwenye makapi ya mpunga kuanzia nywele hadi nyusi, akaunganisha viganja kifuani akawaamkia wakubwa kwa adabu zote. Huyo ndiye Rodel, Mfilipino, mume wa Wanphen kwa cheti cha wilaya na kwa baraka za watawa. Kwa sura ungemwita mtu wa palepale, mpaka afungue mdomo.

“Naona binamu amewahi kurudi kutoka Surin,” alisema Kapteni.

“Afande, mimi si binamu. Mimi mume. Bibi alisikia gari, akanishika mkono, akanisukuma humo ndani. Akasema nikikohoa nimekwisha.”

“Na wewe mtu mzima ukakubali?” Wanphen alimfokea.

“Phen, unamjua bibi. Wewe ungekataa?”

Kapteni hakuona cha kuchekesha. Alifungua jalada lake akaandika mistari miwili, na kila neno lilimwingia Wanphen kama mwiba. Alijua vizuri kinachoandikwa. Zamani Rodel alikuwa akifundisha Kiingereza sekondari ya wilayani, na kibali chake kilikuwa cha kazi. Wanafunzi walipopungua, shule haikumwongezea mkataba, na kibali kikaenda na kazi. Kamba pekee iliyobaki ya kumshikilia nchini ilikuwa ndoa. Maombi yakikataliwa, anapewa siku saba za kufunga virago. Siku saba! Hata msiba una muda zaidi ya huo.

“Ndoa za karatasi tunazijua, dada,” alisema Kapteni. “Mwanamume anahitaji kibali, mwanamke anahitaji chochote anachohitaji. Sasa nifikirie mimi: nafika, mke hayupo. Jirani anasema hakuna mume. Mume mwenyewe anatolewa ghalani. Ungekuwa wewe ungeandika nini?”

“Ingia ndani uone nguo zake. Uone picha za harusi.”

“Nguo zinatundikwa. Picha zinapigwa. Mimi nataka mtu wa kuniambia kwamba hawa ni mke na mume, na asiwe ndugu yako.”

Mtihani ulikuwa hapo. Nyumba ya mbele ni ya mama yake Wanphen. Ya nyuma ni ya shangazi. Mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wake, tumbo moja na mama. Katika mtaa ule wote mtu asiye na damu ya Wanphen alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekwisha kuapa kwamba Rodel ni binamu.

“Nipe nafasi nizungumze na bibi,” alisema Wanphen.

“Zungumza. Sajini apige picha za nyumba. Akimaliza, tunaondoka.”

Wanphen hakuomba mara mbili. Alivua kandambili akapanda ngazi za Bibi Buaphan, akapiga magoti mbele yake. Kwa kweli alikuwa na hasira ya kuweza kupindua kile kibaraza, lakini mkubwa ni mkubwa.

“Bibi, umenifanya nini?”

“Nimekuokolea mume. Utanishukuru wakienda.”

“Hawa hawakuja kukamata! Wamekuja kuona kama tunaishi pamoja. Ulitakiwa useme ndiyo, basi!”

Bibi Buaphan akatema tambuu kwenye kopo.

“Yule mwembamba,” alisema, “mwezi jana alikaa hapo ulipopiga magoti wewe.”

Habari hiyo kijiji kizima kinaijua, ila hakuna anayeitaja mbele ya bibi. Ilikuwa wakati wa kukata miwa. Watu wa uhamiaji walikuja kutafuta vibarua wa Laos waliovuka mto Mekong bila karatasi. Bibi Buaphan, mtu asiyejua hila, alimkaribisha Kapteni, akampa maji, akampa na wali wa kunata. Akaulizwa kwa upole kama kuna Mlao yeyote anayeishi naye. Naye akajibu kwa fahari: yupo, mke wa mwanangu Thawin, anaitwa Manivan, na ukitaka binti wa kunitunza kama yule hupati. Akamwita kabisa aje awaamkie wageni! Mani alitoka jikoni na mikono yenye povu. Yeye na Thawin hawakuwa wamefunga ndoa wilayani, walifungwa uzi mweupe mikononi tu kama wazee walivyofanya, na pasipoti hakuwa nayo. Kapteni alisema asante kwa chakula, akamchukua, na jioni Mani alikuwa ng'ambo ya Mekong. Thawin alipata habari akiwa kibaruani, juu ya jengo wanalojenga huko Bangkok.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile Bibi Buaphan aliapa kwamba mwenye sare hatasikia tena neno la kweli kutoka kinywani mwake.

“Mdomo huu ndio uliomtoa Mani,” alisema bibi. “Huuhuu. Nani aliniuliza kwa nguvu? Hakuna. Nilisema mwenyewe, nacheka. Leo unataka nimwambie tena yuleyule, ndiyo, mgeni yupo, anaishi hapo?”

“Ndiyo, bibi. Nataka.”

“Una roho ngumu, we mtoto.”

“Ninayo. Sikiliza, bibi. Mimi sikubembelezi kwa maneno matamu. Kosa halikuwa lako, ila najua hata nikisema mara mia hutaniamini. Lakini ukweli uliomtoa Mani ndio huohuo utakaomweka Rodel. Ukikaa kimya wataniondolea wangu kama walivyokuondolea wako, na safari hii itakuwa ni kwa uongo wako. Utaweza kunitazama juu ya ua huu kila asubuhi?”

“Na wakinifunga kwa kuwadanganya?”

“Wakikufunga nafungwa na wewe. Nitakutwangia papai hukohuko.”

Kule uwanjani Sajini Orathai alikuwa amekwisha kupiga picha namba ya nyumba, na Kapteni alikuwa anafungua mlango wa gari.

“Nipe mkono ninyanyuke,” alisema bibi. “Magoti yangu hayana haraka kama wewe.”

Alishuka ngazi polepole, akavuka uwanja, akasimama katikati ya Kapteni na gari lake.

“We kijana, nilikudanganya.”

“Nilishaona, bibi.”

“Hujaona kitu, nyamaza kwanza. Yule si binamu. Ni mumewe, na ni mkwe wetu hapa kijijini. Ukitaka kujua nimejuaje, tazama ile kamba.”

Wote wakatazama. Kambani zilianikwa sketi mbili za kufunga za Wanphen na nguo zake nyingine ambazo si za kutajwa mbele ya wageni.

“Nani kaanika zile? Yeye. Kila siku anaanika yeye, mchana kweupe, na anapiga mluzi! Sasa niambie, binamu gani wa Surin atashika sketi ya mwanamke? Mume wangu tuliishi mpaka akafa, hakuwahi kugusa sketi yangu hata ikiwa imeanguka kwenye matope. Wanaume wa huku wanaogopa hirizi zao zitapoa. Wewe mwenyewe, afande, ulipoingia uliizunguka kamba ile ukapitia kwenye majani. Usikatae, nilikuona!”

Kapteni, bila kukusudia, alipeleka mkono kwenye hirizi zilizokuwa shingoni mwake. Sajini Orathai safari hii alicheka wazi, akajifanya anafuta kamera.

“Mwanamume anayefanya hivyo,” aliendelea bibi, “kwanza ni mgeni, maana wetu hawafanyi. Pili ni mume, maana asiye mume hathubutu. Na tatu anampenda, lakini hilo sijui kama lina mahali pa kuandikwa.”

“Halina,” alisema Kapteni. Lakini alifungua tena jalada, akakata mistari ile miwili.

Mambo yakaenda haraka. Rodel alikung'utwa makapi, akakaa na Wanphen kitandani, mabega yamegusana, na Sajini akawapiga picha wakiwa wamekakamaa kama watu wa kitambulisho. Wakapigwa nyingine mbele ya mlango, Bibi Buaphan katikati. Kapteni akamsomea bibi maelezo yake, akamwonyesha pa kuweka kidole gumba.

“Maombi yenu hayatapita tu, yatapita vizuri,” Sajini alimnong'oneza Wanphen.

“Swali la mwisho, bibi, la kila shahidi,” alisema Kapteni bila kuinua macho. “Nyumbani kwako wewe, anaishi mgeni yeyote?”

Rodel aliacha kukung'uta nywele.

“Alikuwepo mmoja,” alisema Bibi Buaphan. “Uliniuliza, nikakwambia kweli. Ukala wali wangu, ukasema asante, ukaondoka naye. Andika hayupo.”

Kalamu ya Kapteni ilisimama juu ya karatasi. Kumbe mtu wa sare naye ana uso. Alitazama ngazi za ile nyumba, akatazama viatu vyake, kisha akaandika neno moja.

“Bibi, ile ni sheria,” alisema taratibu. “Akipata pasipoti, wakaandikisha ndoa wilayani, anaweza kuleta maombi kama hawa.”

“Nikuletee wewe? Uje tena kumchukua?”

“Atakuletea,” alidakia Wanphen. Akasogea mpaka akasimama bega kwa bega na bibi. “Andika jina langu mahali, afande, usije ukasahau. Tutamleta huyo binti na karatasi zake zote. Na siku mtakayokuja bila taarifa kama kawaida yenu, shahidi wa nyumba ya pili nitakuwa mimi. Mimi si ndugu yake. Nitakaa papo hapo kibarazani, nitawaambia Mani huamka saa ngapi na hupika nini. Hamtampata mtu ghalani.”

Kapteni alifunga jalada, akaitikia kwa kichwa, akaingia garini. Gari likaondoka na vumbi lake.

Tangu siku ile ya miwa hakuna aliyemwona Bibi Buaphan akitoa chozi. Sasa alikaa kwenye ngazi ya ghala, akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, akalia kwa sauti kama anayezika. Rodel alitaka kumwambia anyamaze, Wanphen akamzuia. Akamwacha alie mpaka mwisho.

Alipomaliza, kitoroli kilikuwa tayari kimeshushwa mapapai na injini inanguruma.

“Rodel, kibanda chako leo, na pilipili usizidishe,” alisema Wanphen. “Bibi, nawa uso uchukue kitambulisho. Feri ya kwenda ng'ambo kwa Mani inaondoka saa nane.”