Brashi Chini ya Kichaka

Verla aliposhuka kwenye pikapu, alishtuka. Makaburini kulikuwa kweupe pe! Ni desturi ya huku Nevada, kila mwisho wa Mei watu huenda kuwasafishia wafu wao, lakini aliyesafisha safari hii alikuwa amepitiliza.

"Malkia kaamka!" Orpha, dada wa marehemu mumewe, alimtania Verla, reki mkononi na jasho likimchuruzika. "Mimi niko hapa tangu alfajiri, wifi. Vile vichaka vya kijivu nimeving'oa vyote. Kaka yangu alale pasafi."

Verla alikuwa anatazama kule kwenye uzio, ambako siku zote palikuwa na kichaka kimoja kinene, na chini yake lile ua jekundu tunaloliita brashi, kwa kufanana na brashi ya rangi. Sasa palikuwa udongo mtupu.

"Ua liko wapi?"

"Lile jekundu? Si hilo hapo kwa mumeo!" Orpha akaonyesha jiwe la kaburi la Lamont. "Lilikuwa linapotea bure kwenye magugu. Nimelihamisha, na maji nimelimwagia."

Ua lilikuwa limeshalegea. Looo, mtu kuzaliwa jangwani na asijue kwamba brashi hunyonya mizizi ya kichaka jirani, ukilitenga nacho limekufa! Lakini Verla hakuwa na habari na kufa kwa ua.

"Umeling'oa wapi, Orpha? Nionyeshe mahali penyewe!"

"Khaa, wifi, unanitisha. Hapa... au pale. Nimeshapiga reki, nitajuaje?"

Verla akapiga magoti, akaanza kuparua udongo kwa kucha. Kote kulikuwa laini, kote sawasawa.

"Mwanangu yuko hapa," alisema.

"Mwana yupi? Nyie si hamkujaliwa mtoto?"

"Alizaliwa amekufa, mwaka ule theluji ilipofunga njia, hata ninyi hamkujua nina mimba. Lamont alimzika mwenyewe, akasia mbegu za brashi chini ya kichaka. Jiwe hakutaka, alisema watu watauliza. Na mimi mjinga nikanyamaza miaka yote, maana ua lilikuwa linanionyesha."

Reki ikamponyoka Orpha. Aliyatazama mabuti yake mazito, yaliyokanyaga huku na huku tangu alfajiri, akaogopa hata kuinua mguu.

"Mungu wangu, na mimi ndiye shangazi mtu," alisema. "Verla, nimesimama wapi?"

Verla aliutazama udongo. Hakujua.