Aliye Sawa na Okbun

Saa tisa na nusu alasiri soko la hisa la Seoul lilifungwa, na Okbun, aliyekufa mwaka uliotangulia, akaingia jikoni, akatandaza gazeti sakafuni na kuanza kumenya vitunguu saumu. Mumewe, Pyo Kilnam, dereva wa basi mstaafu, alikuwa mezani na simu yake. Alimsogezea bakuli kwa mguu bila kuinua macho.

Okbun alikuwa akija hivyo tangu Kilnam auze mgahawa wa tambi aliouacha na kununua kwa pesa hizo hisa mia tatu na kumi na mbili za Hanbit, kampuni ya betri. Alikuja siku za soko tu. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hakuonekana, na Kilnam alikula tambi za pakiti. Jirani wa mlango wa pili hakuwa na neno, ila alilalamika kwamba harufu ya vitunguu ilikuwa inaingia kwake.

"Baba Seyeon," Okbun alisema siku hiyo, "ziuze sasa, umpe mtoto pesa apate nyumba. Mgahawa ule niliusimamia kwa miguu yangu hii kwa ajili yake."

"Subiri kidogo. Mwezi ujao wanazigawa, moja inakuwa tano. Bei ikiwa ndogo hata wanafunzi watanunua. Utaona zitakavyopanda."

"Nimekata tambi miaka ishirini na sita," alisema Okbun. "Ukate nyembamba, ukate nene, donge ni lilelile."

"Naam, naam," alijibu Kilnam. Simu ilikuwa ikimuuliza jambo kwa maandishi madogo, akaweka alama ya kukubali ili swali limwondokee.

Alhamisi Okbun alifika lakini hakuvua viatu.

"Kesho siji," alisema mlangoni. "Nimeazimwa."

"Nani kakuazima?"

"Sijaambiwa. Ila aliyekubali ni wewe."

Kilnam alidhani mkewe amenuna. Hata alipokuwa hai, Okbun aliweza kununa wiki nzima, na dawa yake ilikuwa kumwacha. Akamwacha.

Jumanne ya pili baada ya hapo, sisimizi mia mbili, kama wanunuzi wadogo wa hisa wanavyojiita, walikusanyika mbele ya jengo la soko la hisa wakiwa wamefunga vitambaa vyekundu vichwani. Walikuja kuwalaani wale wanaokopa hisa za watu, wakaziuza huku wakiomba bei ianguke, kisha wakanunua nyingine kwa bei ya kutupa ili warudishe deni. Ma Daesik, fundi viatu na rafiki wa Kilnam tangu jeshini, ndiye aliyeshika kipaza sauti.

"Kukopa harusi!" alipaza.

"Kulipa matanga!" sisimizi waliitikia, na sauti ya Kilnam ilikuwa juu kuliko zote.

Walipopumzika kunywa maji, Daesik alimpiga bega. "Wakigawa tu, hao mbwa watabanwa mpaka watoe machozi. Lakini wewe zako umezifungia, siyo? Wasije wakawa wanakopa hizohizo zako."

"Kuzifungia vipi?"

Daesik alimnyang'anya simu, akapekua.

"Kilnam, una akili kweli? Karibu wiki mbili sasa unawaazimisha. Tena wanakulipa."

Walikuwa wamemlipa won mia tisa na arobaini. Pesa hiyo haitoshi nauli ya basi, na yeye ndiye wa kulijua hilo. Aibu ilimshika hapo hapo kati ya watu, na baada ya aibu ukaja uchungu, kwa kuwa alikumbuka kwamba siku aliyoweka alama ile, Okbun alikuwa akiongea naye, na alichokiona mkewe ni utosi wake tu.

Alipiga simu kwa madalali. Alipokea binti mmoja mpole, Bi Noh.

"Tunazirudisha kesho kutwa, mzee wangu," alisema.

"Na mke wangu?"

"Yumo humohumo. Atarudi aliye sawa naye."

"Sawa naye, au yeye mwenyewe? Tarehe kumi na tisa ni kumbukumbu yake. Binti yetu anatoka Changwon kuja kumwona mama yake."

Bi Noh alifungua karatasi fulani. "Mkataba unasema aliye sawa, mzee. Yeye mwenyewe ameshauzwa, na aliyemnunua hana kosa."

Aliyerudishwa alikuwa na umri wa Okbun na uzito wa Okbun. Alivua viatu, akatandaza gazeti, akamenya vizuri tu. Lakini alikata kitako cha kitunguu kwa kisu, na Okbun alikuwa akitumia ukucha wa kidole gumba.

"Kwenu wapi, mama?" Kilnam aliuliza, akimmiminia chai ya shayiri. Safari hii simu aliiacha chumbani.

"Gunsan. Mume wangu anauza samaki wakavu. Nilimwambia auze hisa, akasema nisubiri kidogo."

"Na Okbun wangu yuko wapi?"

"Labda yuko kwangu. Labda kwa mwingine. Sisi hatupangi."

Kwa ajili ya mgawanyo, hisa za Hanbit zilisimamishwa siku tatu, na siku hizo hakuja mtu. Zilirudi sokoni tarehe kumi na tisa. Seyeon alifika mchana akiwa na mapeasi na keki za mchele, akapanga meza ya kumbukumbu mbele ya picha ya mama yake. Saa tisa na nusu waliingia wanawake watano wa Gunsan, wa sura moja, kila mmoja kimo cha mtoto wa chekechea, wakavua jozi tano za viatu. Ukiwapandisha wote kwenye mizani, uzito ulikuwa uleule. Hisa zilikuwa zimefunga chini kwa sehemu moja ya sita, na Daesik alikuwa ameandika kwamba wamekopa tena, Jumanne twende.

Seyeon aliwatazama mmoja mmoja.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Nilimwazimisha."

"Kwa pesa ngapi?"

"Won mia tisa na arobaini."

Seyeon hakulia. Aliinama mara mbili mbele ya picha kama alivyokuja kuinama, akawamenyea wageni peasi, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali.

"Ziuze, baba," alisema. "Kesho asubuhi wakifungua tu. Mimi nyumba nitapanga. Ziuze kabla hujawaazimisha na hawa."

Kilnam alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amejuta wiki mbili kwa kutomwambia Okbun neno hilo moja, alilala nalo na kuamka nalo.

"Subiri kidogo," alisema.

Wanawake watano wakainua vichwa kwa pamoja, wakamtazama, kisha wakarudi kwenye vitunguu vyao.