Mtoto Mbaya wa Kitanda cha Dirishani

Chuoni Timiro alifundishwa kumsifu mtoto kabla ya kumpa dawa ya sindano. Alijifunzia kwa mwanasesere, akamsifu kwa ufasaha, na mwanasesere hakuwa na mama. Ndiyo maana siku ya mtihani wa mwisho, katika wodi ya watoto mjini Garissa, huku mkufunzi wake Bi Roda kutoka Nairobi amesimama nyuma yake, ulimi ulifuata mazoezi ukamwacha mwenyewe njiani.

Mtoto wa kitanda cha dirishani aliitwa Guleid, mchanga bado, aliyeletwa kutoka Habaswein na nimonia. Kifua chake kilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Kijana mzuri huyu," Timiro akamwambia kwa Kiswahili kitamu cha chuoni. "Mnene, macho makubwa."

Hakusema mashallah. Msichana wa Kisomali, aliyelelewa na nyanya aliyemwita sura ya nyani kwa mapenzi, ili jicho baya lisimpate, mpaka akavunja ungo, alimsifu mtoto wa watu mbele ya wodi nzima bila mashallah.

Rukiyo, mama wa mtoto, hakupiga kelele. Alimfunika Guleid shuka, akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda. Timiro akaitamka mashallah, akairudia, akaomba radhi kwa Kisomali. Rukiyo akamjibu kwamba huko ni kufunga zizi fisi akiwa ndani. Jicho limeshampata mtoto. Lilitumwa kwa Kiswahili, basi lirudishwe kwa Kiswahili, ama sivyo anampeleka mtoto kwao akasomewe na sheikh. Timiro aliijua barabara ya Habaswein, na alijua kifua kile kisingefika.

Aliijua pia sheria ya Bi Roda: ukimdhalilisha mgonjwa kwa neno moja tu, umeanguka, unarudia mwaka. Alijaribu kumweleza. Bi Roda akasema maelezo ni baada ya mtihani.

Rukiyo alikuwa ameshapata kiatu cha pili.

"Mtoto huyu ni mbaya," Timiro akasema. "Kichwa kama kibuyu. Amekonda. Hata mwewe akimwona atampita."

Rukiyo akavua viatu. Akaketi, akaunyoosha mkono wa Guleid mwenyewe, dawa ikaingia polepole, yote. Bi Roda akatangaza pale pale kwamba mtahiniwa ameanguka. Timiro akaitikia, akaenda kumpima joto mtoto wa kitanda cha pili. Aliumia, tusidanganyane. Kwao walikuwa wameshachagua mbuzi wa sherehe.

Baada ya siku chache Guleid alinyonya vizuri na kulia kwa nguvu zote. Bi Roda alipopita, akamuuliza Rukiyo kama ana malalamiko yoyote kuhusu mwanafunzi huyu. Rukiyo akaitazama wodi iliyojaa macho ya watu, kisha akamtazama Timiro.

"Huyu msichana bure kabisa," akasema. "Mkono yake mbaya, roho yake mbaya, hata kubima joto hajui. Abaki hapa hapa kwa mtoto yangu."

Bi Roda akatikisa kichwa kwa masikitiko. Timiro alikuwa ameinamia kitanda, analia kwa furaha, na Rukiyo akaendelea kumtukana taratibu mpaka alipohakikisha wodi nzima imesikia.